Vali ya Nne Ifungwe

Asubuhi ya kufunguliwa kwa mtaa mpya, Sikudhani Mwakifwamba aliamka na furaha ya mtu aliyefaulu kuwapikisha wake wenza kwenye jiko moja. Wake wenza wenyewe walikuwa Jopo la Maji na Jopo la Hewa. Jiko lilikuwa mji mzima wa Kiota, uliochimbwa chini ya mwamba wa Mwezi, ambako mtu hanywi wala hapumui isipokuwa majopo hayo mawili yamesikilizana.

Na kusikilizana kwao kulipita mezani kwake. Kiota hakikuwa na fundi wa kubonyeza vitufe. Milango, pampu, taa na mashine za pumzi zilitii kanuni, na kanuni zilisomwa na Karani, mashine moja iliyoyachukua maneno ya majopo kama yalivyoandikwa na kuyageuza vitendo papo hapo. Andika mlango ufunguke watoto wakitoka shule, utafunguka. Andika kwa makosa, utafunguka pia. Ndiyo maana hakuna jopo lililoachiwa kuandika peke yake. Jopo moja likiona neno la jenzake lina walakini, lilitoa hoja. Hoja ikaja kwa mpatanishi, yaani Sikudhani. Naye akaibeba huku na huko, akiwabembeleza hawa na kuwatania wale, mpaka wote waseme neno moja: nimeridhika. Hapo aliweka dole gumba lake kwenye muhuri na hoja ikafungwa. Hoja zote za kanuni zikishafungwa, Karani aliichukua kanuni hiyo na mashine zikabadilika.

Kazi isiyo na shukrani hiyo. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kama upo. Ukiteleza mara moja tu, mji mzima unaulizana wewe ni wa ukoo gani.

Hoja ya vali ya nne, koki ya bomba la pumzi la mtaa mpya, ndiyo iliyomtia mvi. Ilizungushwa baina ya Maji na Hewa mpaka vijana wa kantini wakaigeuza msemo. "Utaoa lini wewe?" "Vali ya nne ikifungwa." Sasa wangelazimika kuoa, maana majopo yote mawili yalikuwa yameridhika, muhuri umegongwa, na Karani alikuwa akingoja utepe ukatwe tu ili aiwashe kanuni ya mtaa mpya.

Furaha ya Sikudhani ilikuwa na sababu nyingine ya karibu zaidi. Mdogo wake, Mwajabu, alikuwa na mimba kubwa. Mitaa ya zamani hewa yake ilikuwa imehesabiwa midomo na midomo yote imejaa, hakuna nafasi ya mtoto hata mmoja. Baraza lilikwisha kuamua: mtaa mpya usipofunguliwa, wajawazito wote watarudishwa duniani kwa chombo kinachoondoka kesho. Mwajabu alishawahi kupanda chombo hicho akiwa mjamzito. Mimba ile ya kwanza haikufika.

*

Ukumbini, mbele ya mlango mkubwa wa mtaa mpya, kulikuwa na utepe mwekundu, meza ya vitumbua vya unga wa mwani, na birika la chai. Chai ya Mwezini humiminika polepole kama uji, kwa hiyo watu hupata muda wa kutosha kusengenyana kabla kikombe hakijajaa.

Bi Tunu Kombo, mkuu wa Jopo la Maji, mwanamke wa Wete aliyekwenda popote na adabu yake na ulimi wake, alimshika Sikudhani mkono.

"Mwanangu, hongera. Ile vali yako wallahi imenipa raha. Tumeifunga wiki iliyopita, na nilikwenda mwenyewe kuitazama. Pumzi inapita laini, utadhani mtoto kalala."

"Alhamdulillahi, Bi Tunu," alisema Sikudhani, akacheka.

Akasogea upande wa pili wa meza kuchukua sukari. Papa Kalenga Ilunga, mkuu wa Jopo la Hewa, mtu wa Lubumbashi, mpana wa mabega na wa sauti, alikuwa akimsimulia mwenyekiti wa baraza.

"Ile vali ya ine, mwenyekiti, usiogope kitu. Batu wangu walifunga jana. Walifunga nguvu! Hata unywele haupite."

Sikudhani aliweka sukari kijiko cha kwanza. Akaweka cha pili. Cha tatu kikabaki hewani.

Pumzi inapita laini. Hata unywele haupite. Vali ilikuwa moja.

Akaiweka chini chai yake bila kuinywa. Watu wa Maji walikuwa hawajawahi kukaa meza moja na watu wa Hewa tangu ugomvi ulipoanza. Yeye peke yake ndiye aliyesikia pande zote mbili, na leo ndiyo mara ya kwanza kuzisikia ndani ya kikombe kimoja cha chai. Akakumbuka maandishi ya kanuni, maana aliyajua kwa moyo: *Vali ya nne ifungwe kabla watu hawajaingia, na ibaki imefungwa muda wote watu wamo ndani.*

Kwa Bi Tunu, kufunga ni kama kufunga pampu, kufunga mita: unaileta, unaikaza boliti, inaanza kazi. Ifungwe na ibaki imefungwa, yaani asije mtu akaing'oa kwa ajili ya matengenezo wakati watu wamelala. Kwa Papa Kalenga, kufunga ni kufunga mlango. Ifungwe na ibaki imefungwa, kisipite kitu. Wote wawili walikuwa wamelisoma neno lilelile, wakaitikia kwa kichwa, wakasema nimeridhika. Na yeye, mpatanishi, akagonga muhuri akishukuru Mungu.

Karani je, alikuwa na maana ipi? Sikudhani alijua kabla hajauliza. Karani hakuzaliwa Wete. Vali kwake ilikuwa mlango mdogo.

Watu wa Hewa walidhani pumzi chafu ya mtaa mpya itatolewa na bomba la chujio la Maji. Watu wa Maji walishaling'oa bomba hilo, kwa kuwa vali ya nne ndiyo ilichukua kazi yake. Utepe ukikatwa, watu mia tatu wataingia, Karani ataiacha vali imebanwa kama alivyoambiwa, na watu watabaki wakivuta pumzi zao wenyewe. Kengele ya hatari haitalia. Kengele nayo ilisoma kanuni: vali ikiwa imebanwa, mambo ni sawasawa. Watasikia usingizi, watasema ni uchovu wa kuhama.

Mia tatu, na Mwajabu miongoni mwao.

*

Mwenyekiti Muthusi alimsikiliza hadi mwisho, kwenye chumba kidogo cha nyuma ya ukumbi. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila anapotaka kusema jambo zito. Akaifuta.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mheshimiwa."

"Basi badilisha hilo neno."

Sikudhani akamtazama.

"Muhuri ni wako," alisema Muthusi. "Weka dole lako kama unayesahihisha kosa la mwandiko, futa *ifungwe*, andika *iwe wazi*. Karani hatakuuliza. Kalenga hatajua, Tunu hatajua. Utepe utakatwa, watu wataingia, watapumua. Ukienda pale mbele useme hawa wakuu wawili hawakuelewana, watagombana mbele ya mji mzima. Unawajua. Mara ya mwisho waligombana tukakaa mwaka mzima. Na chombo kinaondoka kesho." Akavaa miwani. "Sikudhani, si mdogo wako ana mimba? Mimi nakuonea huruma kabisa. Ni neno moja tu. Nani ataumia?"

Lililomuuma Sikudhani ni kwamba swali lile lilikuwa la haki. Muthusi hakuwa mtu mbaya. Alitaka watu wapumue, na yeye pia alitaka hivyo hivyo. Akakitazama kidole chake. Muhuri ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi, mdogo kama kifungo cha shati.

Kila mpatanishi alifundishwa habari za Kituo cha Ng'ambo, upande ule wa Mwezi usioiona dunia. Kule mpatanishi mmoja mwenye roho nzuri aliona kosa akalisahihisha kimya kimya. Alikuwa sahihi. Mara ya pili akasahihisha, akawa sahihi tena. Halafu wengine wakajua kwamba maneno husahihishika, kila mwenye roho nzuri akaanza kusahihisha. Mwishowe hakuna aliyejua kanuni ipi imekubaliwa na wengi na ipi imetiwa na mkono wa mtu. Hakufa hata mmoja. Lakini watu walifungasha virago wakaondoka na kuta zikiwa nzima, kwa sababu hakuna aliyeweza kulala chini ya dari ambayo siri yake anaijua mwenzake mmoja.

Na tena, alijiambia, nikilibadilisha neno hili, wale wawili wataendelea kuamini wanaelewana. Wana kanuni nyingine kumi mezani kwangu. *Kufunga* imejaa humo kama kokoto kwenye mchele.

"Naomba nafasi kidogo, mheshimiwa," alisema.

Alimkuta Mwajabu mbele kabisa ya mstari, amekalia begi lake, amevua viatu kwa sababu miguu imevimba. Akamwinamia sikioni na kumweleza yote, upesi, hata lile la chombo cha kesho. Hakumficha kitu. Mwajabu alisikiliza huku mkono uko tumboni.

"Kwa hiyo ukilibadilisha mwenyewe, naingia leo," alisema Mwajabu.

"Unaingia leo."

"Na ukisimama pale mbele, huenda nikapanda chombo."

"Huenda."

Machozi yakamlengalenga Mwajabu, akayafuta kwa kiganja, kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

"Dada, humo ndani nitalala mimi na huyu. Nikiamka usiku nikasikia mashine zinanguruma, nataka nijue nani kasema niko salama. Wao wote, au wewe peke yako umejificha chumbani na mwenyekiti?" Akamsukuma begani. "Nenda. Nenda kabla sijabadili mawazo, maana naogopa kweli."

*

Sikudhani alipanda jukwaani wakati Muthusi ameshashika mkasi. Hakumwomba ruhusa.

"Karani," alisema kwa sauti, "hoja ya vali ya nne ifunguliwe."

Sauti ya Karani ikatoka darini, tulivu, haina haraka. "Hoja imefungwa. Mpatanishi hana uwezo wa kuifungua. Afungue asiyeridhika."

Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya sherehe. Sikudhani akawaeleza alichokisikia mezani. Alipofika kwenye *hata unywele haupite*, kicheko kikakatika.

Na ugomvi ukaanza, kama Muthusi alivyotabiri.

"Nimefahamu," alisema Bi Tunu, akiweka mtandio wake sawa, jambo lililowaogopesha wote waliomjua. "Kanuni iko sawa. Kiswahili changu nimezaliwa nacho. Asiyeifahamu ndiye aseme hajaridhika, mimi nisemee nini?"

"Mama," Papa Kalenga alinguruma, "na sisi Kiswahili hatukukiokota barabarani! Kufunga ni kufunga. Mulango unafungwa, vali inafungwa. Mimi niseme sikuelewa? Mbele ya batu wangu?"

"Basi pumueni ukuta!"

"Basi kunyweni mawe!"

Watu wa Maji wakasimama upande huu, wa Hewa upande ule. Mwenyekiti Muthusi alimtazama Sikudhani kwa jicho la *nilikuambia nini*. Mwajabu alikuwa amevaa viatu, anakodoa macho.

Sikudhani alikuwa na hasira sasa, na hasira ilimsaidia. Alishuka jukwaani, akawashika wote wawili mikono kama watoto waliopigania kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akawasimamisha mbele ya mlango.

"Bi Tunu. Papa Kalenga. Nyote mnakijua Kiswahili kuliko mimi. Basi nionyesheni hiyo kazi. Lile neno msilitaje. Msitaje neno lolote. Mikono tu. Vali hii hapa," akachora duara hewani. "Bi Tunu, wewe kwanza."

Bi Tunu alimtazama kama anayetaka kumkanya. Lakini alikuwa fundi kabla hajawa mkuu, na mikono ya fundi haivumilii kuitwa bila kuitika. Akashika duara lile la hewa kwa mkono wa kushoto, akalipachika mahali, akalisukuma likae. Mkono wa kulia ukakaza boliti moja, ya pili, ya tatu, akizunguka, akiuma mdomo kwenye ile iliyo pembeni. Alipomaliza akafanya tundu kwa vidole vyake, akapuliza. Pumzi ikapita. Mtandio wa mama aliyesimama upande wa pili ukatikisika.

"Papa Kalenga."

Papa Kalenga akakunja mikono ya shati. Vali kwake ilikuwa tayari ipo. Akashika gurudumu lake, akalizungusha, akalizungusha, akaweka bega, akakaza kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Akafunika tundu kwa kiganja. Akapuliza. Mashavu yakavimba, macho yakatoka, hakikupita kitu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Halafu watu wakaacha kucheka mmoja mmoja, kila mmoja alipogundua ni pumzi ya nani ile iliyozuiwa.

Papa Kalenga alibaki na mashavu yake. Akaitoa pumzi taratibu. Akatazama mstari wa watu wenye mabegi, akamtazama Mwajabu na tumbo lake, akashika kichwa.

"Mungu wangu," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo. "Mama Tunu. Lile bomba lenu la chujio?"

"Tumeling'oa, Kalenga. Tuliling'oa kwa sababu ya vali." Bi Tunu akawageukia wenye mabegi. "Subhanallah. Tungewaua hawa watu, na sote tumeridhika."

Bi Tunu akainua uso kuelekea darini.

"Karani! Mimi Tunu Kombo wa Jopo la Maji. Sijaridhika."

"Hata mimi," alisema Papa Kalenga. "Sijaridhika kabisa!"

"Hoja imefunguliwa," alisema Karani.

*

Kanuni iliandikwa upya palepale, kwenye meza ya vitumbua, watu wa Maji na wa Hewa wamebanana bega kwa bega, chai inamwagika polepole mikononi mwao. Papa Kalenga alipendekeza *ikazwe*. Bi Tunu akamuuliza ikazwe boliti au ikazwe gurudumu, na Papa Kalenga akapiga meza kwa kicheko, akalifuta mwenyewe. Kila neno lilijaribiwa kwa mikono kabla ya kuandikwa. Anayeshindwa kulionyesha, neno lake linatupwa. Mwishowe ikasomeka hivi: *Vali ya nne iwekwe mahali pake, iachwe wazi, na pumzi ipite muda wote watu wamo ndani.* Chini yake Bi Tunu akaongeza mstari mwingine, na Papa Kalenga akaukubali bila hata kukaa chini: *Karani akikuta neno lenye maana zaidi ya moja, asitende. Aulize.*

"Nimeridhika," alisema Bi Tunu.

"Nimeridhika, na mikono yangu inaridhika," alisema Papa Kalenga.

Dole la Sikudhani likatua kwenye muhuri.

Mwenyekiti Muthusi alikuwa bado ameshika mkasi. Akauweka chini. Akaung'oa utepe mzima kutoka kwenye nguzo zake, akamletea Sikudhani, na hakufuta miwani.

"Nilikosea," alisema. "Sitaukata. Ufungeni pale kwenye vali."

"Kufunga namna gani?" waliuliza watu watano kwa pamoja.

"Kwa fundo! Kwa fundo, jamani!"

Bi Tunu na Papa Kalenga waliingia ndani wenyewe, wakaufunga kwenye wavu wa vali ya nne, mmoja ameshika ncha hii na mwingine ile. Mji mzima ukajisukuma mlangoni kutazama. Mashine zikaanza kunguruma. Utepe ulining'inia. Ulining'inia bado. Kisha ncha yake ikainuka, ikapepea, na utepe wote ukanyooka mwekundu kwenye upepo.

Kelele zilizopigwa pale, wazee wa Kiota wanasema hawajazisikia tena. Mwajabu alikuwa wa kwanza kuvuka kizingiti. Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya wavu, akasimama uso juu, macho ameyafumba, ushungi wake ukimpepea mabegani.

"Dada!" aliita. "Dada, huku kuna upepo!"

Sikudhani akalia hadharani, bila aibu yoyote. Papa Kalenga akamwinua juu, jambo lisilo gumu Mwezini, akamzungusha mbele ya watu huku akipiga mayowe kama mtangazaji wa mpira:

"Mama Siku kafunga! Kafungaaa!"

"Kafunga!" ukumbi ukaitikia. "Kafunga!"

Sauti tulivu ikashuka kutoka darini, na kwa mara ya kwanza tangu Kiota kichimbwe, ilikuwa na swali.

"Hoja mpya," alisema Karani. "Imetolewa na Karani. Kafunga nini? Sijaridhika."

Sikudhani, akiwa bado juu mikononi mwa Papa Kalenga, akafuta machozi, akainua mguu wake, akaupiga mpira usiokuwepo, na kumwonyesha.